Kemshafti isiyo na jina: pima kwanza, lipa baadaye

Wamiliki wengi wa mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji na pawatila wanajua bei ya dizeli kwa kila lita, na wanajua kilo ngapi zimesagwa kwa siku. Lakini mashine inapoharibika na fundi akasema kemshafti imekwisha, hesabu hizo zote huwekwa kando. Mwenye mashine anaifunga kemshafti ya zamani kwenye gazeti, anapanda basi hadi mjini, na kununua inayofanana nayo kwa macho. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo fedha nyingi za vijijini zinapopotea.

Tatizo linaanza na injini zenyewe. Injini ya dizeli aina ya S195, kwa mfano, hutengenezwa na viwanda vingi vya China chini ya majina mbalimbali ya biashara. Injini za Lister zilizobuniwa Dursley, Uingereza, nazo zimeigwa kwa miaka mingi huko Rajkot, India. Spea zake nyingi huingiliana, lakini si zote na si kila mara. Kibati cha namba kikishang'oka, au injini ikiwa imeunganishwa kutoka injini mbili tofauti, kemshafti iliyomo ndani haina jina tena. Kilichobaki cha kuitambulisha ni vipimo vyake.

Tukumbuke kazi ya chuma hiki. Nundu zake ndizo zinazofungua valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na katika injini nyingi ndogo za dizeli ipo nundu ya tatu inayosukuma pampu ya mafuta. Katika injini ya mipigo minne kemshafti huzunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, kila nundu inasukuma mara 1,000 kwa dakika, yaani mara 60,000 kwa saa. Nundu yenye kimo pungufu itafungua valvu kidogo, hewa itakuwa haba, moshi utakuwa mweusi na dizeli italiwa bila kazi. Mwenye mashine ataendelea kulipia hasara hiyo kila siku akidhani ni uzee wa injini.

Kupima si jambo la maajabu. Fundi anahitaji kalipa, maikrometa inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita, na ikiwezekana geji ya saa. Kemshafti ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe na iachwe ipoe. Kisha apime urefu wote, na umbali kutoka ncha moja hadi kila shingo na kila nundu. Kipenyo cha kila shingo kipimwe mara mbili, kwa pande zinazokatana kama msalaba. Namba hizo mbili zikitofautiana, shingo imeliwa upande mmoja. Bushi za kwenye bloku nazo zipimwe, kwa kuwa kemshafti mpya itakwenda kukaa humo.

Kwa nundu, apime kutoka kwenye ncha hadi mgongoni, halafu apime kipenyo cha sehemu yake ya mviringo, na kutoa namba ya pili katika ile ya kwanza. Nundu yenye milimita 36.50 na mviringo wa milimita 30.00 ina kimo cha milimita 6.50. Kama imelika, apime pia ukingoni, mahali ambapo tapeti haigusi, maana hapo mara nyingi kimo cha awali hubaki. Meno ya gia yahesabiwe. Gia ya kemshafti inayoshikana moja kwa moja na ya krenki lazima iwe na meno mara mbili ya hiyo ya krenki, na mahali pa ufunguo wake paandikwe. Mwisho ni pembe kati ya nundu moja na nyingine, ambayo hupimwa kwa sahani ya digrii 360 ikisaidiwa na geji ya saa. Kemshafti mbili zinaweza kulingana kwa urefu, shingo na gia, lakini zikatofautiana katika pembe hii. Ndiyo maana jicho halitoshi, hata liwe la fundi wa miaka 30.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukulie mashine inayosaga kilo 1,000 kwa siku kwa shilingi 100 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku kabla ya kutoa gharama. Kemshafti isiyo sahihi ikileta safari ya pili ya mjini na siku nane za kusimama, shilingi 800,000 hazikuingia, na bado kuna nauli, ufundi, gasketi na wateja waliohamia kwa jirani. Kupima kunachukua nusu siku. Linganisha mwenyewe.

Wapo watakaosema vifaa hivi ni ghali kwa fundi mmoja wa kijijini. Ni kweli, lakini havihitaji kumilikiwa na mmoja. Chama cha ushirika cha msingi au kikundi cha wenye mashine kumi kinaweza kununua seti moja na kumkabidhi fundi mmoja anayeaminika. Mafundi waliopitia vyuo vya VETA wanafundishwa vipimo, na ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ziko mikoani. Tuwatumie.

Kwa wafanyabiashara wa spea nina neno pia. Kemshafti inayorudishwa dukani kwa sababu haikuingia ni mtaji uliolala na mteja aliyekasirika. Andikeni vipimo vitano kwenye kila boksi: urefu, vipenyo vya shingo, kimo cha nundu, meno ya gia na pembe ya nundu. Duka la kwanza mtaani litakalofanya hivyo litapata wateja wa mbali, kwa kuwa mtu ataweza kuagiza kwa simu na kutumiwa kwa basi bila wasiwasi.

Mnunuzi naye adai vipimo hivyo viandikwe kwenye risiti. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Risiti iliyoandikwa "kemshafti 1" haikupi pa kusimamia. Risiti yenye namba inakupa.

Mkulima leo hakubali kuuza mahindi yake kwa kukadiria. Anadai mzani, na mzani huo anataka uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Chuma kinachosaga mahindi hayo nacho kipimwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kabla ya msimu wa mavuno kuanza, mwite fundi wako, pimeni kemshafti iliyopo ikiwa nzima, na namba hizo ziandikwe katika daftari la mashine. Siku ikivunjika, utakwenda dukani na karatasi badala ya chuma kilichokufa.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.