Kindi na Ua la Usambara

Katika madarasa ya kisomo huwa nauliza hivi: kindi na ua la Usambara, tukiweza kulinda kimoja tu, tulinde kipi? Wengi hujibu upesi, "Kindi, maana ni mnyama, ana uhai." Mimi sikubaliani nao.

Kindi tunamjua sote. Hula matunda, mbegu, karanga, hata mahindi yetu mabichi. Msitu ukikatwa, huhamia kwenye miembe ya shambani. Ukimfukuza leo, kesho amerudi. Mwenye shamba la mahindi hahitaji kufundishwa jambo hilo.

Ua la Usambara nalo lina uhai, ila halina miguu. Ni mmea mdogo, haufiki magotini. Majani yake ni manene, yana manyoya, na maua yake yana rangi ya zambarau. Kwa asili huota Tanzania na Kenya tu. Hupenda miamba yenye kivuli na unyevu, kama ile ya misitu ya Usambara Mashariki. Ukikata mti unaofunika mwamba, jua hupiga. Mwamba hukauka, na mmea hufa papo hapo ulipo.

Wapo wanaouliza, "Mbona ua hili limejaa Ulaya na Marekani?" Ni kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, alilipeleka kwao. Jani moja likipandwa hutoa mizizi, kwa hiyo lilienea haraka. Lakini wauza maua wamelichanganya na kulibadili kwa miaka mingi. Lile la chunguni dirishani si lile la mwambani.

Hifadhi ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na miamba iliyo ndani yake ina walinzi. Mimi nahofia miamba iliyo nje, kando ya mashamba. Hapo mlinzi ni mkulima mwenyewe. Wala hatumwombi mengi. Penye mwamba mtupu hapatoi hata debe moja la mahindi. Basi miti ya hapo aiache isimame. Misitu ya milima hiyo ndiyo inayotunza mto Zigi, ambao watu wa Tanga mjini hunywa maji yake.

Na kindi atapata pa kulala bure, ingawa hakuna aliyemwalika.