Saa Ipelekeni Mlimani, Barabara Kuu Waachieni Malori

1/6 KAULI YENYEWE

Wadau wa baiskeli, leo nina posti sita. Naomba mtu asikomenti kabla hajamaliza ya sita.

Kuna kauli inazunguka kwenye klabu zetu huku kaskazini kila zinapopangwa mbio za saa. Kwa asiyejua, mbio za saa (vijana wanaita taimu trayo) ni yale mashindano ambayo mnaachiwa mmoja mmoja, dakika moja kati ya mtu na mtu. Unakwenda mpaka kwenye koni, unageuza, unarudi. Hakuna kundi, hakuna kujificha nyuma ya mwenzako. Aliyetumia muda mfupi ndiye mshindi. Kauli yenyewe inasema hivi: "Sista, hizi ndizo mbio salama kuliko zote. Kila mtu yuko peke yake, atagongana na nani?"

Atagongana na Scania, mdogo wangu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msiutafute. Klabu isiyo na uwezo wa kufunga barabara iache mbio za saa kwenye barabara kuu. Sio ipunguze, iache. Saa hiyo hiyo ikaipeleke mlimani. Mshindi atapatikana, jasho litatoka, matokeo mtayarusha kwenye grupu kama kawaida. Vitakavyoondoka ni viwili tu: lori na ile spidi.

2/6 "MBONA ULAYA WANAFANYA?"

Hili ndilo jibu la kwanza ninalopewa kila nikiongea. Haya, twende huko huko Ulaya.

Mbio za saa mnazozijua zimetoka Uingereza. Mwaka 1894, kwenye mbio za klabu moja ya London, North Road, waendesha baiskeli walimshtua farasi wa mama mmoja aliyekuwa safarini. Watu wakaanguka, mama akapeleka malalamiko polisi. Wakati huo polisi hawakuwa na hamu kabisa ya kuona mbio za baiskeli barabarani. Bwana mmoja anaitwa F. T. Bidlake akaja na wazo: tuachie watu mmoja mmoja, kwa nafasi, alfajiri kabla barabara haijaamka. Oktoba 1895 North Road wakaendesha mbio zao kwa mtindo huo. Ukawa utamaduni wa nchi nzima kwa miaka mingi: nguo nyeusi toka shingoni mpaka kwenye vifundo, njia zinatajwa kwa namba za siri ili watu wa nje wasijue, hakuna kelele.

Sasa soma vizuri hapo. Mtindo huu ulibuniwa ili usimsumbue mtumia barabara mwingine, na mtumia barabara mwenyewe alikuwa farasi na gari la kukokotwa. Alfajiri ya 1895 barabara ilikuwa tupu kweli. Alfajiri ya kwetu saa kumi na mbili, mabasi ya Dar yanatoka stendi yakiwahi, na dereva wa semi ambaye hajalala toka jana anatafuta pa kunywea chai. Tumechukua saa ya Bidlake tukaacha barabara ya Bidlake.

Na msidhani wenyewe wametulia. Huko huko Uingereza kuna njia zinasifika kwamba "ni nyepesi", watu wanasafiri mbali kwenda kuweka rekodi zao pale. Siri ya wepesi ni nini? Ni barabara kubwa za magari, na upepo wa magari yanayopita unakusukuma mbele. Yaani gari linalokupita kwa karibu linahesabika kuwa msaada! Wapo wenzao wanaolipinga hilo miaka yote.

Lakini hao hao wana kitu kingine ambacho sisi hatukukiiga. Klabu ya Catford ya London ina mbio zake za kupanda kilima tangu 1887, kabla hata ya hizo za Bidlake. Siku hizi zinafanyika Yorks Hill, Kent, kilima kifupi na kikali. Wenye mapafu wanakimaliza chini ya dakika 2. Juu kabisa panakuwa na watu wa kazi moja tu: kumdaka mtu anapovuka mstari, maana miguu imeshakufa. Hebu niambieni, kwenye mbio zetu nani anadaka mtu?

3/6 HESABU YA NESI

Tuache siasa, tupige hesabu.

Kijana mwenye mazoezi kwenye tambarare anakwenda kilomita 45 kwa saa. Huyo huyo kwenye mlima mkali anakwenda 15. Spidi imezidi mara tatu, lakini nguvu inayoingia mwilini ukigonga kitu kisichosogea haizidi mara tatu. Inazidi mara tisa. Hii ni fizikia ya sekondari, haitaki digrii.

Nikuwekee kwa lugha ya emajensi. Kugonga kitu ukiwa na spidi 15 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa sentimita 90 hivi, kama mtu aliyedondoka kutoka juu ya meza. Utachubuka, labda mkono utavunjika, tutakufunga plasta utarudi nyumbani. Kugonga kwa spidi 45 ni sawa na kuanguka mita 8. Watu wa Kilimanjaro mnajua mtu aliyeanguka mita 8 kutoka juu ya mparachichi analetwaje. Hapo sijamweka dereva anayekuja na spidi yake ya 80.

Ongeza mkao. Kwenye mbio za saa unalalia vile vishikio vya mbele, viwiko vimekaa pamoja, kichwa chini ili upepo upite. Kwenye baiskeli nyingi za namna hiyo breki haziko hapo kwenye vidole vyako, ziko pembeni. Ili ushike breki, kwanza uhamishe mkono. Halafu kuna ile kompyuta ndogo ya kuangalia wati na mapigo ya moyo. Ukiitazama kwa sekunde mbili kwenye spidi 45, umeshakwenda mita 25 bila kuona mbele. Hiyo mita 25 inameza semi nzima iliyoegeshwa pembeni bila pembetatu.

Sasa akishaanguka ndipo ninapopandwa na hasira. Nimepokea kijana wa mbio hizi akiletwa nyuma ya pikapu, amekalishwa, wenzake wawili wamemshika mabega, wa tatu anamnywesha maji "apate nguvu". Kichwa kimepigwa, shingo hakuna anayejua ina nini, njia nzima wanamtikisa. Wale walikuwa wanampenda, siwalaumu. Namlaumu aliyepanga mbio akakodi spika na MC akasahau machela. Medali zilikuwepo. Fulana zilikuwepo, za rangi mbili. Gari la wagonjwa? "Tulijua hospitali haiko mbali." Mjeruhiwa aliyekalishwa nyuma ya pikapu, hata kilomita tano ni mbali.

4/6 TAMBARARE NI YA MWENYE HELA

Sababu hii ya pili watu wengi hawaitarajii kutoka kwa nesi.

Kwenye tambarare ukishavuka spidi 40, karibu nguvu yako yote inaliwa na upepo. Ndiyo maana wanaoshinda wana ringi ya nyuma iliyozibwa kama sahani, kofia yenye mkia, nguo inayobana kama ngozi. Wanachonunua ni upepo. Watu wawili wenye nguvu sawasawa kabisa, mmoja na vifaa vyote na mkao wake, mwingine amekaa wima kwenye baiskeli ya kawaida ya mtumba: katika kilomita 20 wanaweza kuachana dakika 3 au 4. Dogo anarudi nyumbani anaamini hana mapafu, kumbe hana milioni.

Kwenye mlima wa asilimia 8, spidi 15, upepo hauna mpango na wewe. Unapigana na uzito, na uzito mkubwa ni mwili wako. Baiskeli ya kilo 7 dhidi ya kilo 10, juu yake mtu wa kilo 70: tofauti haifiki asilimia 4. Kwenye mlima wa dakika 20 hiyo ni kama sekunde 45. Sekunde 45 unaweza kuzitafuta kwa mazoezi. Dakika nne za upepo huzitafuti, unazinunua.

Ushahidi upo hapa jirani. Mwaka 2008 Wakenya wawili kutoka Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa na mpigapicha wa Singapore, Nicholas Leong, wakajipime kwenye mlima Alpe d'Huez, kilomita karibu 14, kona 21. Hawa si watu waliokulia kwenye timu. Kati yao kulikuwa na mng'arisha viatu na bodaboda wa baiskeli. Nderi alipanda kwa dakika 42 na ushei, muda ambao watu waliozaliwa juu ya baiskeli za bei mbaya wanauota. Mngewapeleka kwenye tambarare dhidi ya ringi za sahani, nani angewaona?

Kwa haki, nisiseme uongo: Phoenix ya chuma yenye gia moja mlimani ni mateso. Basi iwe na kundi lake na mshindi wake. Kanda ya Ziwa watu wanashindana kwa baiskeli hizo na uwanja unajaa. Tatizo liko wapi?

5/6 MAJIBU KABLA YA KOMENTI

"Sista, hatari ya mlima iko kwenye kushuka." Kweli kabisa, tena nashukuru umesema. Kushuka na spidi 60 ukiwa umechoka, mikono inatetemeka, jasho limekupoa, ni kujitafutia wodi. Ila kushuka sio sehemu ya mbio. Saa inasimama juu. Kwa hiyo mnavaa masweta, mnakaa mpaka wa mwisho afike, mnashuka wote pamoja nyuma ya gari linalokwenda 25. Anayelipita hilo gari anafutiwa matokeo. Haligharimu hata shilingi.

"Hata mlimani magari yapo." Yapo. Lakini hesabu urefu. Mbio zenu za saa zinachukua kilomita 20 mpaka 40 za barabara kuu, hakuna klabu ya hapa yenye watu wa kuilinda hiyo yote. Mlima unataka kilomita 3 mpaka 5. Barabara za kupanda Kibosho, Machame, kutoka Marangu Mtoni kuelekea lango la mlima, kote unaweza kuchagua kipande, ukaongea na trafiki na serikali ya kijiji, ukasimamisha watu wanane wenye bendera kwenye kona, magari yakasubiri kidogo. Watu wa Tanga mna Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kupanda. Hamhitaji zote. Chukueni nne, mbali na poromoko, zitawatosha kulia.

"Tutawaandaaje vijana kwa mashindano makubwa?" Swali zuri. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Mbio za saa zilikuwepo, na Remco Evenepoel wa Ubelgiji akachukua za wanaume. Mliziona barabara? Zilifungwa. Na njia yenyewe ilikuwa vilima juu ya vilima, mwisho unapanda Kimihurura kwenye mawe. Dunia inakuja kupima watu kwenye vilima vya Afrika Mashariki, sisi tuna vilima tunakimbilia kwenye lami ya malori. Kijana akitaka kuzoea tambarare, mpelekeni kwenye mashindano yenye barabara iliyofungwa. Mazoezi ya kila wiki yasiwe kamari.

"Kila mtu anajua hatari, amesaini fomu." Fomu haizuii damu. Na aliyesaini ana miaka 19, bima hana, baba yake anauza ndizi. Mwisho wa siku grupu lile lile la WhatsApp lililorusha matokeo ndilo litaanza kurusha namba ya michango.

6/6 MASHARTI YANGU

Viongozi wa klabu, makocha, kaka zangu, haya ndiyo naomba myashike:

Moja. Mlima mfupi, mwanga umeshatoka kabisa, bendera kila kona.

Mbili. Hakuna helmeti, hakuna namba. Asibembelezwe mtu.

Tatu. Gari moja liwe tupu, limegeuzwa kuangalia hospitali, ndani kuna machela au ubao imara. Dereva wake asiwe mshindani wala mpigapicha.

Nne. Mtu akianguka vibaya msimvute, msimkalishe, msimvue helmeti kwa nguvu, msimpe maji wala soda. Mmoja ashikilie kichwa kisigeuke, mwingine azuie magari, wa tatu apige simu.

Tano. Juu ya mlima wawepo wadakaji wawili. Mtu akimaliza asisimame ghafla, atembezwe dakika mbili tatu. Akizimia, mlazeni, inueni miguu. Akisema kifua kinambana, msimwambie "ni pumzi tu", mpelekeni. Mwenye pumu, pampu yake ipande juu kabla yake, isibaki kwenye begi chini.

Sita. Masweta yapande na gari. Huko juu baridi haina utani.

Kiongozi atakayesema haya ni mengi aniambie alilipa shilingi ngapi za MC na spika mara ya mwisho. Nitasubiri kwenye komenti.

Na klabu itakayokuwa ya kwanza kuhamisha mbio zake kutoka barabara kuu kwenda mlimani, andikeni jina la kilima, kilomita zake na tarehe. Zamu ikiniruhusu nakuja na boksi langu la huduma ya kwanza, bure, nasimama juu pale nadaka watu.

Sheeni kwenye magrupu yenu kabla ya Jumamosi.