MAMBO YA KALE: Ukoo wa Nabahani na Nchi ya Witu

Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kando ya bahari, wakiukimbia utumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu. Baadhi ya wataalamu wa historia wamedhani kuwa Mbwaa ilikuwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Basi yafaa sisi wa Meru na jirani zetu wa Embu tujue habari za wafalme wa pande zile.

Hao ni ukoo wa Nabahani, wajinasibishao na Oman. Kwa karne nyingi walitawala Pate. Lakini baada ya kushindwa katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1812, nguvu zao zilipungua, na masultani wa Unguja wakazidi kuwabana. Yapata mwaka 1862 Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alihamia bara akaweka makao yake Witu, penye msitu. Watu wengi walimkimbilia huko, wakiwamo watumwa waliotoroka.

Mwenye hofu hutafuta mlinzi. Mwaka 1885 Simba aliwauzia ardhi ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na mwezi wa Mei serikali ya Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Sultani Barghash wa Unguja alipinga, lakini manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya mji wake, hakuwa na la kufanya. Simba aliona amepata ngao. Akafariki kabla ya kujua mwisho wake.

Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ilipatana na Uingereza. Iliiacha Witu, ikaukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Unguja, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Fumo Bakari, mrithi wa Simba, hakuulizwa neno. Mwezi wa Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa Witu. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Waingereza yakauteketeza mji. Fumo Bakari akafariki mapema mwaka 1891.

Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo hawakupigana. Walipatana, na nyasi zikaumia vile vile.

Kwetu Meru amri haikuwa ya mfalme, bali ya wazee wa Njuri Ncheke wakishauriana, na ardhi ilikuwa ya mbari. Jambo hilo halikuwazuia Waingereza kuishinda Embu mwaka 1906, wala kuingia Meru muda mfupi baadaye. Lakini hapakuwa na mzee mmoja ambaye sahihi yake pekee ingetosha kuwafunga watu wote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, atakayeshika kalamu kutia sahihi karatasi ya ardhi kwa niaba ya wenzake, na aulize kwanza: mlinzi huyu akipata faida kwingine, atatuachia nani?