Kutegemea Si Kunyonywa

Katika shule zetu za sekondari, mwalimu wa Kiingereza huwapa wanafunzi orodha ya maneno yanayokaribiana maana: "dependent", "reliant", "susceptible", "vulnerable". Mwanafunzi huyakariri, hufaulu mtihani na hujiona ameelimika. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo, mtoto wa mkulima wa Karagwe au Kyerwa, aeleze kwa Kiswahili tofauti iliyopo baina ya kutegemea, kutegemeana na kunyonywa. Atababaika. Hiyo ndiyo kasumba tunayopaswa kuipiga vita, kwani asiyeweza kuitaja hali yake hawezi kuibadili.

Hatusemi Kiingereza kisifundishwe. Tunasema kwamba maneno hayo yachunguzwe kabla ya kuabudiwa. Asili ya "dependent" katika Kilatini ni kuning'inia. Asili ya "vulnerable" ni jeraha. La kwanza hutuonyesha mtu aning'iniaye, la pili hutuonyesha mtu awezaye kujeruhiwa. Yote mawili hayamtaji aliyeishika kamba wala aliyeushika mkuki.

Tutazame butura, neno linalofahamika sana kwa wakulima wa kahawa mkoani Kagera. Mkulima aliyebanwa na shida, karo ya mtoto ama ugonjwa nyumbani, humwuzia mwenye fedha kahawa yake ingali maua au ingali mbichi mtini. Kwa kuwa shida haingoji, bei hukatwa na mnunuzi. Msimu ufikapo, jasho la mkulima huvunwa na mtu asiyeshika jembe. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini marufuku peke yake haimalizi shida inayoizaa. Sasa, mwandishi wa ripoti akiandika kwamba mkulima huyo anaishi "katika mazingira hatarishi", ametueleza nini? Mazingira hayana mfuko wa kutilia fedha. Mwenye butura anao.

Wala mzizi wa jambo hili haukomei kibanjani. Mwezi Julai 1989, utaratibu wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka duniani. Mkulima wa Karagwe hakuulizwa, lakini hasara ilimfikia. Auzaye kwa bei ya kutupa hukosa akiba, na asiye na akiba ndiye anayebisha hodi kwa mwenye butura. Hapo tunauona mnyororo, na kila pete yake ina mwenyewe.

Watakuwepo watakaosema kwamba hakuna binadamu asiyemtegemea mwenziwe. Ni kweli, na wahenga walilijua hilo. Walisema, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Wakasema pia, "Mtegemea nundu haachi kunona." Hawakujipinga. Walitufundisha kuuliza: unategemea nini, na kwa masharti ya nani? Katika kibanja, mgomba uliobeba mkungu mzito huegemezwa mti usianguke. Mti ule hauli ndizi. Mwenye butura naye hujidai kuwa ni mti wa kuegemea, lakini mti wake huondoka na mkungu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipolipa taifa neno kujitegemea, halikumwambia mkulima aishi peke yake kama kisiwa. Wakulima wanaokusanya kahawa yao katika ushirika ulio mwaminifu, na kukopeshana wakati wa dhiki, hutegemeana. Na kutegemeana ndiyo njia ya kujitegemea. Ushirika unaowacheleweshea malipo huwarudisha palepale, mlangoni kwa mwenye butura. Kwa hiyo viongozi wa ushirika nao wajipime kwa neno hilo.

Walimu wenzangu, tuipeleke butura darasani. Mwanafunzi aandikapo kwamba mkulima ni tegemezi, au ni mnyonge, au yu hatarini, tusimpe alama kabla hajajibu maswali matatu: Nani anamtegemea nani? Kwa kitu gani? Na nani anafaidika? Akiweza kuyajibu kwa Kiswahili fasaha, Kiingereza chake kitakuwa chombo mkononi mwake. Asipoweza, ataendelea kukariri maneno ya unyonge, huku kahawa ya baba yake ikichumwa na mwingine.