Siku za Ubunifu Kazini: Jumatatu Kunakuwa na Nini?

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze mambo ya kazini. Kampuni kubwa zimependa sana kuandaa "siku ya ubunifu". Mnajua inavyokwenda: barua pepe kutoka kwa mkubwa, fulana mpya, piza, vikundi vya watu watano watano, saa 24 za kuunda kitu chochote mnachotaka, kisha dakika 5 mbele ya majaji. Washindi wanapewa tableti na kupigwa picha. Jumatatu kila mtu anarudi kwenye orodha ya hitilafu alizoziacha.

Mimi nimeshiriki siku kama hizo nne, katika kampuni mbili (sitazitaja, moja bado inanilipa). Katika yote niliyoona yakishangiliwa, ni kitu kimoja tu kilichomfikia mteja. Na bado nazipenda! Ninachopinga ni kampuni kutumia pesa zote kwenye siku yenyewe na kutobakiza hata shilingi kwa siku inayofuata.

Mtindo huu wengi wameuiga kutoka Atlassian ya Australia, iliyoanza mwaka 2005. Mwanzoni waliita FedEx Day, kwa sababu kama kampuni ile ya vifurushi, ulitakiwa uwe umefikisha mzigo kesho yake. Siku hizi wanaita ShipIt. Lakini kumbukeni, Atlassian inauza programu zake yenyewe. Mfanyakazi akitengeneza kitu kizuri usiku, programu ya kukiingizia iko mikononi mwao. Benki au kampuni ya bima si hivyo. Mfumo mkuu ulinunuliwa kwa mtu mwingine, kuugusa kunahitaji mkataba, halafu kuna watu wa usalama, wanasheria na wakaguzi. Ukiiga zile saa 24 bila kufikiria mlolongo huo, umeiga sherehe tu.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa Microsoft. Mwaka 2014 walifanya hakathoni ya kampuni nzima. Steve Gleason, aliyewahi kuchezea New Orleans Saints katika mpira wa Kimarekani na ambaye ugonjwa wa ALS umempooza mwili, aliwapa changamoto. Kikundi kimoja kikaunda kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa macho, kikashinda. Hapo ndipo kampuni nyingi huishia. Wao waliunda timu ndani ya idara ya utafiti kuendeleza kazi hiyo, na mwaka 2017 uwezo wa kuendesha kompyuta kwa macho ukaingia kwenye Windows 10. Miaka mitatu, jamani! Hakathoni ilikuwa siku chache tu katika safari hiyo.

Na M-Pesa yetu je? Haikuzaliwa hakathoni. Majaribio yalianza 2005, na lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakisimamia majaribio waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangazwa. Hilo hulijui kwa kukesha ofisini na wahandisi wenzako.

Ndiyo maana mimi hukasirika nikiona vikundi vimejaa watu wa IT watupu. Kile kitu kimoja nilichosema kilimfikia mteja kilitoka kwa dada mmoja wa huduma kwa wateja. Watu walikuwa wakilipa huku wamekosea tarakimu moja ya nambari ya akaunti, naye alikuwa akitafuta wenyewe mmoja mmoja kwa mkono kila asubuhi. Sisi tuliandika programu ya kulinganisha jina, simu na nambari zinazofanana. Haikuwa maridadi, na hata hatukushinda (walioshinda walikuwa na roboti la mazungumzo lililojibu maswali matatu). Lakini mkuu wa idara yake aliomba watu wawili kwa wiki sita, akapewa. Basi.

Kwa hiyo kama wewe ndiye unayeandaa, tafuta kwanza hao watu wawili na wiki zao sita, kwa maandishi, kutoka kwa meneja mwenye bajeti. Zawadi iwe hiyo badala ya tableti. Seva ya majaribio na data ya kubuni ziwe tayari mapema. Nimeona nusu ya siku ikiisha watu wakisubiri nenosiri, na tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kunakili orodha ya wateja halisi kwenye laptopu ya mtu ni kujitafutia balaa. Na tafadhali, ifanyike siku ya kazi. Mkiiweka Jumamosi mmeomba kazi ya bure.

Kwa nyinyi mnaoshiriki, neno moja. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoiunda katika ajira yako ni mali ya mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Programu ya siku ya ubunifu, kwenye kompyuta ya kampuni, saa za kampuni, utabishana vipi? Lile wazo unalotaka kulianzishia biashara yako liache nyumbani siku hiyo. Peleka linalokusumbua pale kazini.