Umeme Uliofika Usigeuke Msiba

Wananchi wa Kitangari, kama wenzao wa Newala na Masasi, waliungoja umeme kwa miaka mingi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilipita takriban robo karne kabla haijaanza kufua umeme mkoani Mtwara. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umeusambaza umeme hadi vijijini, na ada ya kuunganishiwa imeshushwa hadi shilingi 27,000. Hayo ni maendeleo ya kujivunia.

Lakini ada hiyo huishia kwenye mita ya LUKU. Kutoka hapo, nyaya, soketi na swichi ni mzigo wa mwenye nyumba, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mwananchi aliyekwisha tumia fedha zake za korosho kwa mabati na saruji hutafuta fundi wa bei nafuu, na mara nyingi anayejitokeza ni kishoka. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi hiyo ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. Kishoka hana leseni. Taa zikishawaka, huyo anakwenda zake.

Kosa baya analoliacha ni lile lisiloonekana, yaani kukosekana kwa waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Jokofu hufanya kazi kama kawaida hata waya huo usipokuwapo. Siku waya wa moto utakapogusa bati lake, atakayeumia ni wa kwanza kulishika, hasa akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Tena udongo wa uwanda wetu wa Makonde ni wa kichanga usioshika maji. Wakati wa kiangazi hukauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vyema. Nondo fupi ambayo pengine ingefaa bondeni kwenye unyevunyevu, huku juu hugeuka pambo tu.

Wapo wanaojiliwaza kwamba swichi kuu itakata yenyewe. Tunawaasa wasidanganyike. Swichi hiyo huwekwa kuzilinda nyaya zisiungue, na huweza kupitisha ampea 30 au zaidi bila kukata. Moyo wa binadamu unaweza kusimama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Kipo kifaa kingine kinachohisi umeme unaovuja na kuukata mara moja unapofikia miliampea 30. Kifaa hicho si anasa.

Hata hivyo, kuwalaani vishoka peke yake hakutoshi. Maadamu fundi halali ni ghali kwa mtu mmoja mmoja, kishoka atapata kazi. Kwa hiyo tunashauri wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, ambao wamezoea kuuza korosho kwa pamoja, waajiri fundi mwenye leseni kwa pamoja pia, afunge nyaya nyumba kumi au ishirini kwa safari moja. Serikali za vijiji nazo zibandike majina ya mafundi halali ofisini. TANESCO ihakikishe kwamba ethi inapimwa kiangazi, wakati udhaifu wake unapodhihirika.

Kila mwananchi ana wajibu wake. Waya usivutwe kwa jirani kwa kufungwa kwenye mikorosho. Waya ulioanguka usisogelewe, hata ukionekana umekufa. Mtu akinaswa na umeme nyumbani, asishikwe kwa mkono. Kwanza izimwe swichi kuu, au asukumwe kwa mti mkavu, kisha apelekwe haraka kituo cha afya. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze papo hapo.

Fedha ya kufunga ethi ni ndogo kuliko gharama ya msiba. Tusingoje matanga ndipo tuitishe mkutano wa kijiji.