BUSTANI YETU: Jana, Leo na Kesho

Mwezi huu tuache kidogo mchicha na vitunguu, tuje mbele ya nyumba. Wengi wetu tuna waridi na bogenvilia. Lakini kuna kichaka kimoja ambacho si wengi wanacho, na mgeni akikiona hapiti bila kuuliza. Kwa Kiingereza kimepewa jina lenye maana ya "jana, leo na kesho". Ua lake likifunguka huwa la zambarau iliyokolea. Kesho yake hupauka, na kufikia siku ya tatu hivi ni jeupe. Kwa kuwa maua hayafunguki yote kwa pamoja, utaziona rangi zote tatu kwenye tawi moja.

Asili yake ni Brazili, ambako huchanua majira ya kuchipua. Wataalamu hukiita Brunfelsia, kwa kumkumbuka Otto Brunfels, Mjerumani aliyekuwa mtawa, kisha mhubiri, na ambaye mwaka 1530 alianza kuchapisha kitabu cha mimea chenye picha zilizochorwa kwa kutazama mimea yenyewe. Sisi wa nyanda za juu hatuna majira ya kuchipua, lakini mara nyingi kichaka hiki huchanua mvua zinapoanza baada ya kiangazi.

Kupanda

Kinapenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na udongo wenye mboji nyingi usiotuamisha maji. Hakipendi chokaa. Cha kwanza tulikipanda karibu na ukuta, pale fundi alipokuwa akichanganyia saruji. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki ya kijani. Tuliongeza mbolea bila mafanikio. Tulipokihamishia mbali na ukuta, penye udongo uliochanganywa na majani yaliyooza, kilirudi hali yake.

Chimba shimo la futi mbili hivi, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, panda, kisha mwagilia. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, ila zisiguse shina. Ukitaka kuzalisha, kata kijiti cha inchi nne au tano, kisiwe kichanga sana wala kigumu sana. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye kopo lenye mchanga na mboji, ukiweke kivulini na kukinyunyizia maji. Uwe na subira, maana hukua polepole.

Kupunguza matawi

Kata mara tu maua yanapokwisha. Mwaka mmoja tulikata karibu na mvua ili mbele ya nyumba papendeze kwa wageni. Tulikuwa tumeyakata maua yenyewe yakiwa bado machanga ndani ya vikonyo, na msimu ule hatukupata kitu.

Tahadhari

Hili ni la kusoma mara mbili. Kichaka hiki ni wa jamaa moja na nyanya na tumbaku, na kina sumu, hasa katika matunda na mbegu zake. Si kila kimoja huzaa, lakini chetu kilizaa. Mbwa wetu alitafuna vitunda vilivyoanguka, akatapika, kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo, na tunashukuru alipona. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anatambaa, na kila anachokiokota hukipeleka mdomoni.

Hatukuking'oa kichaka, bali tulikizungushia wigo mdogo. Tangu hapo, maua yakiisha tunakagua kila tawi, tunachuma vitunda vyote vingali vibichi na kuvifukia mbali. Baada ya kukata matawi tunanawa mikono, na vijiti hatuviachi chini. Mtoto akila sehemu yoyote ya mmea huu, usingoje aanze kuumwa: mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kitawi chake ili daktari aone alichokula.

Kwa hiyo mama, kama nyumbani una mtoto anayetambaa au mtoto wa mbwa anayetafuna kila kitu, panda waridi kwa sasa. Mtoto atakua, atajifunza kusikia neno "usiguse". Kichaka hiki utakipanda kesho, na hutakuwa umechelewa.